Jina Jipya, Ngoma Moja

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu akishabadili jina kwa njia ya sheria, atoe taarifa mara moja, mahali pamoja, na kazi ya kuifikisha kwenye madaftari mengine ya umma iwe ya Serikali yenyewe.

Nimeigawa hoja hii kwa sauti tano, kama tulivyozoea kwenye midahalo ya shule. Mwalimu wa Historia anaitetea. Karani aliyestaafu baada ya miaka mingi masjalani anaipinga. Kati yao wako Wakili, Afisa wa benki, na Bibi mmoja mzaliwa wa Masasi anayeishi Ilala kwa mwanawe. Sauti hizi nimezitunga mimi, lakini manung'uniko na hofu zilizomo ndani yake ni zile zinazosikika kila siku kwenye foleni za ofisi zetu. Na sikuzitunga ili nijifiche nyuma yake: nina upande wangu, na nitausema mwishoni.

MWALIMU: Shikamoo Mzee. Shikamoo Bibi. Nilipozaliwa nilipewa jina langu, nikafuatishiwa la baba na la babu. Kwa majina hayo matatu nilifanya mtihani wa darasa la saba, wa kidato cha nne na cha sita, nikapata na cheti cha ualimu. Nilipoolewa nililiacha jina la babu, nikaweka la ukoo wa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikunilazimisha. Ilikuwa desturi ya wenzangu kazini, nami nilikuwa na furaha. Kwa jina hilo nikaandikishwa kitambulisho cha taifa, nikafungua akaunti, nikasajili laini ya simu, nikakata bima.

Ndoa ikavunjwa na mahakama. Nikataka kurudi kwenye jina la kwetu. Nikaenda kwa wakili, nikatia saini hati ya kubadili jina, hati ikasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, ikagongwa muhuri. Nikarudi nyumbani nikijua yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kila dirisha lilitaka nakala yake yenye muhuri wa wakili, barua yake ya serikali ya mtaa, picha zake mbili na ada yake. Dirisha moja likaniambia nilete kwanza kitambulisho kipya. La kitambulisho likaniambia nilete kwanza nyaraka nyingine zenye jina hilo jipya. Mimi naomba ruhusa kazini, kidato cha pili wanakaa bila mwalimu, napanda daladala na bahasha kwapani. Hati niliyoibeba ilikuwa imesajiliwa na Serikali. Waliokuwa wakiitilia shaka ni watu wa Serikali. Niligeuka tarishi baina ya Serikali na Serikali, tena kwa nauli yangu.

KARANI: Marahaba, Mwalimu. Pole sana, na pole yangu haitoki mdomoni tu, maana nami nilikaa nyuma ya dirisha kama hilo. Lakini nisikilize nikueleze kinachoonekana kutoka upande wa pili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya mtu nayo ni mali. Pensheni yako, kiwanja chako, cheti chako, vyote vimefungwa kwa jina. Mtu akija akaniambia, "Huyu aliyeandikwa hapa ni mimi, ila sasa naitwa vingine," ananiomba nifungue fundo linaloshika mali ya mtu. Je, nikilifungua kwa mtu asiye mwenyewe?

Kumbukeni tarehe 28 Aprili 2017. Siku hiyo pale Dodoma Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Na walikuwapo wengine ambao cheti chenyewe kilikuwa halali, ila kilikuwa kinatumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, huyu ofisi hii na yule ofisi ile. Mtu anatumiaje cheti cha mwenzake? Anavaa jina lake. Ndiyo maana jina likigeuka daftari hushtuka. Na lina haki ya kushtuka.

MWALIMU: Uhakiki huo ulinikuta kazini, Mzee. Vyeti vyangu vilikuwa na jina la babu, orodha ya mishahara ilikuwa na jina la mume. Niliitwa kujieleza kama mtuhumiwa, na wiki zile sikulala. Lakini nakuuliza: katika hao waliovaa majina ya wenzao, ni nani aliyekwenda kwanza kwa Msajili akasaini kwamba jana niliitwa fulani na leo naitwa fulani? Mwizi wa jina hataki majina mawili yaonekane mahali pamoja. Mimi niliyaweka yote mawili kwenye karatasi moja, nikatia saini chini yake, nikaiachia Serikali nakala. Huo ndio uthibitisho mkubwa kuliko wote anaoweza kuutoa mtu, kisha ndio unaofanya nishukiwe.

KARANI: Wapo pia wanaobadili jina kihalali ili wakimbie madeni.

WAKILI: Hapo niruhusu, Mzee, kwa sababu kuna mambo matatu yanachanganywa kila siku, hata na watumishi wa madirishani.

La kwanza ni kosa la uandishi. Mtoto ni Ramadhani, karani ameandika Ramadhan. Mama ni Mwanaidi, kitambulisho kinasoma Mwanahidi. Huyu habadili jina. Anadai jina lake lilelile liandikwe sawasawa. Kosa likiwa la ofisi, ni vigumu kueleza kwa nini gharama na mizunguko viwe vya mwananchi.

La pili ni kiapo cha majina. Mtu shuleni alijulikana kwa majina mawili, kazini kwa matatu, na kwenye kadi ya kliniki kwa jina la nyumbani. Anaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kiapo hiki kinaeleza tu. Hakimwondolei mtu jina wala hakimpi jipya.

La tatu ndilo la Mwalimu: hati ya kubadili jina, inayosajiliwa. Hapa mtu analiacha jina moja na kulichukua jingine kwa mambo yote kuanzia siku hiyo. Ukimtaka mwenye hati hii alete kiapo, au ukamwambia mwenye kosa la herufi moja akasajili hati ya kubadili jina, umemchosha bure na daftari hujalisaidia.

Na kuhusu madeni, Mzee, hati haimbadilishi mdaiwa. Mkataba aliousaini kwa jina la zamani unambana vilevile, kesi inaendelea, mke au mume anabaki kuwa yuleyule. Kilichobadilika ni namna ya kumwita. Ndiyo maana hati za namna hii hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na jirani zetu wa Kenya hutangaza kwenye lao: mwenye madai ajue amtafute kwa jina gani.

Niongeze moja. Tazameni Namba ya Utambulisho wa Taifa, ile inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na ambayo wengi tunaiita namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ndani yake hamna hata herufi moja ya jina. Mwalimu angebadili jina mara tatu, namba ingebaki palepale, na alama za vidole zilizochukuliwa siku ya kuandikishwa zingebaki zilezile. Zamani karani alikuwa na jina tu la kumshikia mtu. Leo ana namba na ana vidole. Hofu ya mwaka ule wa uhakiki ilikuwa na msingi wake. Leo tuna kamba nyingine ya kufungia fundo.

AFISA WA BENKI: Nami nikae kidogo upande wa dirishani, maana huko ndiko lawama zinakomwagwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Tangu wakati huo watu wamezoea kwamba ukitaja namba na kuweka kidole, jina linajileta lenyewe kutoka NIDA. Benki nazo zinaitegemea namba hiyohiyo. Sasa mteja anakuja. Kidole chake kinaleta jina jipya, akaunti yake ina jina la zamani. Kwangu mimi huyo ni mtu mmoja, namuona, anatabasamu. Kwa mfumo ni watu wawili, na mfumo hauna ruhusa ya kutabasamu naye. Siwezi kuulazimisha.

Na maumivu hayaishii benki. Mtu anamtumia dada yake pesa kwa simu, kabla ya kuthibitisha linatokea jina asilolijua, anasita, anaghairi, anaogopa matapeli. Au mshahara unatumwa kwa jina jipya unarudi kwa sababu akaunti ni ya jina la zamani. Haya ndiyo matatizo ya wiki za katikati, pale ambapo nusu ya madaftari yanakujua kwa jina hili na nusu kwa lile.

Kwa hiyo Mwalimu, mimi siipingi hoja yako. Nataka taarifa inifikie. Ninachokiogopa ni ije kimyakimya. Nikiamka asubuhi nikakuta jina la mwenye akaunti limegeuka lenyewe usiku, bila tarehe, bila namba ya hati, bila mteja kuwa amekubali, nitaifunga akaunti hiyo na nitakuwa nimefanya sawa. Taarifa ije na alama yake: huyu aliitwa hivi, sasa anaitwa hivi, tangu tarehe fulani, kwa hati namba fulani, na mwenyewe ameridhia tuambiwe.

BIBI: Mnaongea kama kwamba kubadili jina ni jambo lililoletwa na kompyuta. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu mtoto anaingia jandoni na jina moja, anatoka na jingine. Msichana naye hivyohivyo akichezwa unyago. Jina la utoto limebaki kule porini. Na siku ya kutoka inapigwa ngoma, watu wanapika, wanacheza, na mwali anatajwa mbele ya wote: kuanzia leo huyu ni fulani. Basi. Haendi nyumba hadi nyumba akibisha hodi, jamani mimi sasa naitwa hivi. Ngoma imepigwa mara moja, kijiji kizima kimesikia. Kesho yake ukimwita kwa jina la utoto umemtukana, na wazee watakuuliza ulikuwa wapi wakati ngoma inalia.

Na kuna watoto waliopewa majina kwa siku mbaya. Shida, Tabu, Mateso, Sikujua. Mama alizaa mwaka wa njaa, au mume alikuwa amemkimbia, akamwekea mtoto habari za moyo wake. Mtoto amekua, siku ya njaa imepita, lakini yeye anaibeba shuleni, kazini, mpaka kwenye barua ya posa. Akitaka kuitwa Neema, nani wa kumnyima? Mimi mwenyewe hapa mtaani ni Mama Shabani. Mwenyekiti wa mtaa akitaja jina lililo kwenye kitambulisho changu, majirani wanaulizana ni nani huyo.

KARANI: Bibi, umesema kweli tupu, ila kijijini macho ya watu ndiyo yaliyokuwa daftari. Waliokuwa pale walimjua mwali tangu mgongoni mwa mama yake. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Nani atapiga ngoma ya kusikika na wote hao? Na nani atathibitisha kwamba aliyetoka porini ndiye aliyeingia?

WAKILI: Ngoma ipo, Mzee, na imekwishawambwa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma ziunganishe mifumo yao, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao GovESB uliojengwa kwa kazi hiyo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Jina ambalo mtu ameliacha kisheria ni taarifa isiyo sahihi tena. Sheria zote mbili ukizisoma pamoja unaona njia.

KARANI: Ukizisoma pamoja unaona na ukuta. Sheria hiyohiyo ya taarifa binafsi inakataza habari ya mtu iliyokusanywa kwa kazi moja kutapanywa kwa kazi nyingine ovyo. Leo mnasema jina, kesho mtasema anwani, keshokutwa ugonjwa. Na fikirini mwanamke aliyebadili jina kwa sababu anamkimbia mtu aliyekuwa akimpiga. Mkimpigia ngoma kila ofisi, na kila karani wa kila wilaya akaweza kusoma jina lake la jana na la leo kwa pamoja, mmemsaidia nani? Karatasi ina ubaya wake, lakini karatasi haisomwi na watu elfu kwa siku moja.

MWALIMU: Hilo nalikubali bila kubisha, Mzee, na nakushukuru umelitaja. Mwenye jina ndiye aamue ngoma ifike wapi. Ila usilitumie jambo hilo kuturudisha wote kwenye foleni. Yule mwanamke naye, kwa utaratibu wa sasa, analazimika kusema jina lake la zamani kwa sauti mbele ya kila dirisha, na watu wamejipanga nyuma yake wanasikia.

Mimi ni mwalimu wa Historia, acheni nitoe mfano wangu. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, zikawa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Miezi sita baadaye, Oktoba 1964, nchi hiyohiyo ikachukua jina jipya: Tanzania. Tanganyika ilikuwa imeingia Umoja wa Mataifa Desemba 1961, na Zanzibar Desemba 1963. Je, nchi iliambiwa ianze upya kuomba uanachama? Iliambiwa izunguke kila ubalozi na bahasha? Haikuambiwa. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba mwanachama huyu ameendelea, na jina lake sasa ni hili. Jina la zamani halikufutwa, bado linasomeka kwenye kumbukumbu zao. Liliunganishwa na jipya kwa mstari mmoja, na kazi ikaendelea. Heshima iliyopewa nchi kwa kubadili jina ndiyo naiomba kwa raia wake.

KARANI: Mfano wako mzuri, Mwalimu, nami nitakujibu humohumo. Nchi haikubadili jina kwa siri. Bunge lilipitisha sheria ya kulitangaza jina hilo. Ilifanya kazi ngumu mara moja, hadharani, na wengine wakaipokea. Na umesema mwenyewe neno ninalolitaka: halikufutwa. Nitakachokipinga mpaka kaburini ni kufuta. Mkija na mfumo unaoweka jina jipya juu ya la zamani kana kwamba la zamani halijawahi kuwapo, siku mtoto wako atakapotafuta mirathi hatakuona.

Tena tofautisheni madaftari. Liko daftari la tukio na liko daftari la hali. Daftari la kuzaliwa, la ndoa, la mtihani, haya yanasema jambo lililotokea siku fulani: siku hiyo mtoto huyu aliandikwa hivi, siku hiyo mtahiniwa huyu aliketi akiitwa hivi. Siku imepita, huwezi kuirudia ukaibadili. Kitambulisho, leseni, akaunti, bima, pasipoti, daftari la wapiga kura, haya yanasema hali ya leo. Ya leo na yabadilike. Ya jana yaacheni.

WAKILI: Umetupa mgawanyo mzuri, Mzee, ingawa hata ya jana hayajawa na ukuta usiopitika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani la huko limtolee cheti kipya cha kidato cha nne mwombaji aliyekuwa amebadili jina kisheria. Hukumu ya Kenya haitufungi sisi, lakini swali ni letu pia. Mimi ningesema hivi: daftari la tukio libaki lilivyo, ila mwenye hati apewe uthibitisho rasmi unaoambatana na cheti, unaosema aliyeandikwa hapa ndiye huyu. Uthibitisho utolewe na baraza lenyewe, asiachiwe mtu akauombe kwa hisani ya mwajiri.

Na kwa kuwa hoja hii haijawa sheria, wenye hati leo nawashauri hivi. Anzeni na NIDA, kwa kuwa wengine wote wanachungulia huko. Msikimbilie benki wala mtandao wa simu kabla jina la NIDA halijabadilika, mtajifungia wenyewe. Likishabadilika, siku moja shughulikieni benki, laini na mwajiri kwa pamoja, ili mshahara usigonge mwamba. Kisha namba ya mlipakodi na leseni ya udereva, ambazo zote ziko Mamlaka ya Mapato (TRA), halafu mfuko wa pensheni, bima na daftari la wapiga kura. Pasipoti haiandikwi jina jipya juu ya la zamani, hutolewa nyingine, kwa hiyo msikate tiketi ya safari kwa jina ambalo pasipoti haijalijua. Mwenye kiwanja asisahau hati miliki, maana kosa la humo huonekana wakati wa kuuza au wakati wa msiba. Tengenezeni nakala nyingi zenye muhuri, na hati yenyewe msimwachie mtu. Tunzeni pia nakala ya kitambulisho cha zamani hata kama kadi yenyewe mmeirudisha.

MWALIMU: Angalia orodha hiyo ilivyo ndefu, Mzee. Ameitaja mtu aliyesoma sheria, na bado nimehesabu zaidi ya madirisha manane. Mama anayeuza maandazi, ambaye siku asiyokaanga hali, ataimaliza lini? Anachofanya ni kuacha. Anaishi na majina mawili miaka ishirini, na siku akifa watoto ndio wanaokuja kulipa kwa machozi mahakamani wakithibitisha kwamba mama yao alikuwa mtu mmoja. Wewe unaogopa daftari litaharibika tukilirahisisha. Mimi nakwambia ugumu ndio unaoliharibu. Kila aliyekata tamaa katikati ya njia amekuachia daftari lenye uongo.

KARANI: (baada ya kunyamaza) Hapo umenipata. Nimeziona faili hizo za mirathi. Nilikuwa nikidhani zinaletwa na watu wazembe.

BIBI: Karani, nikuulize baba. Huyu Mwalimu ukikutana naye kesho sokoni, utamwita kwa jina lipi?

KARANI: Kwa hilo analolitaka mwenyewe, Bibi.

BIBI: Na la zamani utakuwa umelisahau?

KARANI: Silisahau. Nitalinyamazia.

BIBI: Basi lifundishe daftari lako adabu hiyohiyo.

Nami mwenyekiti wa mdahalo huu nitoe kauli yangu.

Naunga mkono hoja, na naiunga kwa masharti ya waliokuwa wakiitilia shaka, kwa sababu wao ndio walioiimarisha. Karani ametuonyesha kwamba mlango wa kwanza lazima uwe mgumu: mtu aje mwenyewe, aweke vidole, asaini, itangazwe inapobidi kutangazwa. Afisa wa benki ametuonyesha kwamba taarifa isiyo na tarehe wala namba ya hati ni hatari kuliko kukosa taarifa. Yule mwanamke anayekimbia kipigo ametuonyesha kwamba mwenye jina ndiye mwenye ngoma. Na Bibi ametupa kanuni ambayo sijaisoma kwenye kitabu chochote cha utawala: usilisahau jina la zamani, linyamazie. Daftari la ndani lilijue, kwa ajili ya mirathi na madeni. Kadi ya mkononi na karani wa dirishani wasilitaje.

Lakini mlango ukishakuwa mgumu, uwe mmoja. Tumezoea kuufanya kila mlango kuwa mlango wa kwanza, na kumtaka mtu athibitishe upya mara kumi jambo ambalo Serikali ilikwisha kulisajili. Hapo hatulindi chochote. Tunamchosha mkweli, kwa kuwa mwongo hakupanga foleni hiyo tangu mwanzo.

Ninachokiomba kinaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Siku mtu anaposajili hati yake ya kubadili jina, anapoulizwa jina la zamani, jina jipya na namba yake ya NIDA, aulizwe na swali moja zaidi: unataka tuzijulishe ofisi zipi kwa niaba yako? Orodha iwe mbele yake, aweke alama anapotaka na aache asipotaka. Akitoka pale apewe risiti inayoonyesha kila ofisi iliyojulishwa na siku iliyojibu. Swali hilo liandikwe kwenye fomu, chini kabisa, juu ya mahali pa saini. Mwalimu akishaweka alama zake arudi darasani, kidato cha pili wanamsubiri.